Maji ya Saloni Yetu

Mwanangu Solange,

Umekwenda Mibirizi kumuaga shangazi yako, na kwa mvua hii ninayoiona dirishani najua hutarudi kabla ya jioni. Mama yako yuko Bukavu na biashara yake. Mama yangu, Koko wako, amesinzia chumbani kwake. Nyumba imenibakia mimi, basi nimeamua kukuandikia, kwa sababu unanijua. Kesho asubuhi pale stendi nitakushika mkono, nitasema "haya," kisha nitageuka kumuuliza dereva kama breki zake ni nzima kwa ajili ya kona za Nyungwe. Mama yako atalia kwa niaba yetu wote wawili.

Usitafute humu maneno ya kila siku. Habari za kusali, kula vizuri, kufunga mlango na kutomwazima mtu chaja ya simu, mama yako amekwisha kukuimbia wiki nzima, sina la kuongeza. Mimi najua kitu kimoja tu, tapi ya plastiki, lile zulia la kutandika sakafuni. Nimetandika tapi katika nyumba za watu kuanzia hapa Kamembe mpaka Gitambi, nimekulea kwa kazi hiyo, na magoti yangu yamekufa kwa ajili yake. Na hata hicho kitu kimoja ninachokijua kimenishinda ndani ya nyumba yangu. Kesho ukiondoka, sijui mama yangu atavukaje saloni, hii sebule yetu. Tangu ulipopangiwa kazi ya ualimu nimegeuza jambo hili huku na huku, na bado sijui. Ninaanza barua nikiwa sijui, na huenda nikaimaliza vilevile.

Tuanze na chumba chako kipya. Ile picha uliyotumiwa na mwalimu mwenzako wa Nyagatare niliiangalia kuliko wewe. Wewe uliona dirisha kubwa ukafurahi. Mimi niliona kona ya tapi iliyojikunja karibu na mlango. Usiipigilie misumari, tafadhali, hata kama mwenye nyumba atakuletea nyundo kwa mkono wake. Ngoja siku ya jua, plastiki ikishalainika, uinue hiyo kona taratibu, uone chini kuna nini. Kama saruji ni kavu, ilaze tena, uweke juu yake kitu kizito, sanduku lako linatosha, na uache mpaka itulie. Kama saruji ni nyeusi na inatoa uvundo, ujue aliyekaa humo kabla yako alikuwa mtu wa kwetu.

Ninacheka lakini ni kweli. Sisi tuliokulia Bukavu tunaosha nyumba kama watu wanavyoosha gari. Koko alitulea katika nyumba za kupanga, na kila nyumba ilikuwa na saruji nyekundu, na kila Jumamosi ilikuwa vita. Ndoo inamwagwa mpaka ukutani, inafuata brashi na sabuni, halafu rakleti, ule mti wenye mpira mbele, unasukuma maji yote mpaka nje. Chumba kikikauka, anapiga magoti na kopo lake la sira, nta ya kung'arishia saruji. Kazi yetu watoto ilikuwa ya mwisho, na tuliipenda: tulijifunga masweta makuukuu miguuni tukateleza huku na huku mpaka sakafu ikatuonyesha meno yetu. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunajisumbua hivyo kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine. Alinijibu bila kuinua kichwa: "Muntu akiingia ajue humu muko benyewe."

Tuliporudi upande huu wa mpaka nilikuwa kijana tayari. Saruji ya nyumba hii ilikuwa ya kijivu na imepasukapasuka. Nilipokwisha kujifunza kazi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtandikia mama yangu tapi, ile ya kuiga mbao, rangi ya asali. Alifurahi sana. Akaenda kuchota ndoo. Mimi fundi, niliyekuwa nimetoka kuwaambia watu wa mtaa mzima kwamba tapi haimwagiwi maji, nilisimama nikamtazama mama yangu akiimwagia ndoo nzima, kisha nikamletea rakleti. Ningemwambia nini? Hiyo ndiyo sakafu aliyoijua.

Tuliosha hivyo miaka na miaka. Maji yaliingia kwenye maungio yakakaa chini, hayakuwa na pa kutokea. Ulipokuwa mdogo ulizoea kusema saloni inanuka uyoga, nasi tukakuambia ni harufu ya ziwa. Samahani kwa hilo. Ulikuwa na pua nzuri kuliko fundi.

Basi wewe usiimwagie. Fagia kwanza, kila siku, kwa sababu mchanga wa viatu ndio unaoikwaruza. Halafu kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisidondoshe, na sabuni kidogo tu, kisha upitishe tena kitambaa cha maji matupu. Sabuni ikibaki inanata na kuita uchafu, ndipo utaona mtu anaosha zaidi na zaidi na sakafu inazidi kuwa nyeusi, anafikiri amerogwa. Usichanganye mafuta ya taa kwenye maji, hata kama wenzako watakuapia kwamba yanang'arisha. Javeli, ile dawa ya kuondoa madoa, inaifanya iwe ya njano. Sira ya saruji usiilete karibu. Kile kizulia chenye mpira chini, ambacho mama yako alikiweka mlangoni ili kulinda tapi, ndicho kilichoacha doa la kahawia unalolijua, na doa lile halitoki, nimejaribu kila kitu. Na ukibahatika kupata vipande vilivyobaki fundi alipokata, vitunze. Pale karibu na jikoni, kaa la moto lilipoanguka siku tuliyoingiza jiko ndani kwa ajili ya mvua, niliziba kwa kipande nilichokuwa nimekitunza juu ya kabati. Wageni hawakioni. Mimi ninakiona kila ninapopita.

Hayo ni makosa madogo. Kosa lililonishinda ni kung'aa.

Unakumbuka jinsi saloni hii ilivyokuwa. Nilipata dawa ya kung'arisha tapi, nikawa ninaipaka kwa kitambaa laini kila Jumamosi, na mteja akisita nilimleta hapa aone mwenyewe. Watu walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilijivuna, sikatai. Koko pia alijivuna. Alikaa kwenye kiti chake akiwaambia wageni: "Ni mutoto wangu njo alifanya."

Mwanzo wa mambo hukuuona, ulikuwa chuoni. Tayari alikuwa anasahau sufuria motoni na kuniita kwa jina la marehemu baba yangu, na muuguzi alikuwa ametuambia ni kusahau kwa uzee, hakuna dawa ya kurudisha, tumvumilie. Asubuhi moja ya mvua kama leo akasimama kwenye mlango wa chumba chake, akashika fremu, akakataa kutoka. Nilidhani ni kizunguzungu.

"Mayi," akasema.

"Mayi gani, Mama?"

"Ile. Imeingia mu nyumba. Hauioni?"

Mwanga wa dirisha ulikuwa umelala juu ya tapi kuanzia ukuta huu mpaka ule. Niliangalia pale alipoonyesha, na nilichokiona mimi ni kazi yangu.

Unajua ninavyopenda kubishana. Nilifuta tapi kwa kitambaa kikavu nikampa akishike. Alikishika, akakubali ni kikavu, akanirudishia, akaendelea kuogopa maji. Niliweka kiberiti chini, nikakiokota, nikawasha njiti mbele ya macho yake. Akanipongeza kwa bahati yangu. Mwishowe nilifanya lile jambo ambalo mama yako mpaka leo akilikumbuka inabidi akae chini. Nilivua viatu nikalala chali katikati ya saloni, mikono nimeitanua, nikamwambia: "Mama, angalia, hata shati haijalowa."

Solange, sijawahi kusikia sauti ile. Alipiga ukunga. "Bantu, kuyeni! Mutoto wangu anazama! Kuyeni, anazama!" Jirani yetu Maman Esperance akaingia mbio na mwiko mkononi, akanikuta mimi mzee mzima nimelala chini, na mama yangu ameinama pale mlangoni akinirushia ncha ya kitenge nikishike.

"Papa Solange," akaniuliza, "unafanya nini pale chini?"

Nikamwambia ninaonyesha kwamba tapi ni kavu.

Akashusha mwiko. "Sasa nani hajui?"

Baadaye nilicheka pamoja nao. Lakini kitenge kile, mwanangu, alikuwa amekifungua kiunoni mwake, akabaki na gauni la ndani mbele ya jirani. Yeye ambaye hata mimi sikuwahi kumwona bila kitambaa kichwani. Alivua nguo ili aniokoe kwenye tapi niliyoitandika mwenyewe.

Baada ya hapo niliacha kubishana, nikaanza kurekebisha. Ndiyo kazi yangu, kurekebisha. Nilikwenda kwa Mzee Hamadi, yule anayetuuzia mafundi tapi pale Kamembe, nikamwomba tapi isiyong'aa hata kidogo. Akanitolea macho. "Fundi, ni wewe unaniambia hivyo? Watu wanakuja hapa sababu ya kung'aa tu!" Hakuwa nayo. Nikarudi nyumbani, nikachukua majivu na nyasi ya chuma ya kusugulia sufuria, kitu ambacho nimewakataza wateja wote tangu nianze kazi hii, nikasugua tapi ile mpaka ikafa rangi. Mama yako aliingia akanikuta nimepiga magoti, akachukua nyasi nyingine akapiga magoti upande wa pili. Tulipomaliza Koko akachungulia. "Sasa mayi imechafuka," akasema. "Mvua ilinyesha kule juu."

Nikatandika mikeka kutoka mlango wake mpaka mlango wa nyuma. Akanitazama kama mtoto asiye na adabu: "Nani anakanyaga kitanda ya bantu na miguu?" Nikaamua kuing'oa tapi yote. Nikainua upande mmoja, na chini yake saruji ilikuwa nyeusi kwa yale maji yetu ya Jumamosi, doa pana katikati ya chumba, na alipoliona akarudi nyuma mpaka kitandani. Kule ndiko kilindi, alisema. Nikaifunika haraka.

Siku moja nilimbeba mgongoni. Si mzito, ni kama mtoto wa shule. Alinikaba shingo kwa mikono yote miwili, akafumba macho, na tulipofika upande wa pili alitetemeka mpaka mchana, hakula. Sikurudia tena. Tukamwekea ndoo chumbani, yeye mwenye kupenda usafi vile. Nikamtolea kiti karibu na dirisha lake ambalo halioni jua wala ziwa, linaona ukuta wa jirani. Alikaa pale akiuangalia ukuta.

Halafu ukarudi wewe na masanduku yako ya chuo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni, sijui kama uliniona. Ulimkuta ameshika fremu kama kawaida yake. Nilitaka kukuambia usibishane naye. Hukuuliza mtu. Ulivua viatu, ukainua sketi mpaka magotini, ukaanza kutembea kuelekea kwake, unapapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga.

"Mayi iko kidogo leo, Koko," ukamwambia. "Inafika hapa tu." Ukamwonyesha kifundo cha mguu.

"Iko baridi?"

"Baridi kidogo. Lakini chini kuko muzuri, hakuna majiwe."

"Tupitie wapi?"

"Unifuate miye tu."

Akainua kitenge chake, akakupa mkono, mkavuka. Katikati, karibu na kochi, mlisimama kupumzika. Mlipofika mlango wa nyuma alikunja upindo wa kitenge akaukamua, ulikuwa mkavu kabisa, na wewe ukakamua wa sketi yako. Kisha akakaa kwenye jua, uso kwa ziwa upande wa Nkanka, akaomba aletewe maharage achambue.

Niliona wivu, nakuambia ukweli. Miezi yote ile nilikuwa nikimtaka akubali kwamba hakuna maji. Mimi fundi, nitasemaje kuna maji juu ya tapi yangu? Wewe uliingia majini bila kulalamika.

Jioni yake, ulipokuwa unamrudisha, akakuita Yaya. Ukadhani ni majina yake ya kukosea tu. Sikukuambia kitu, nikaona utabebeshwa mzigo usio wako. Sasa nakuambia, kwa sababu mchana huu limetokea jambo ambalo hutalielewa bila hilo, na nitalifikia.

Koko alikuwa na dada mkubwa. Walipokimbia nchi hii Koko alikuwa mtoto wa kubebwa. Dada yake huyo, aliyemwita Yaya kama tunavyomwita dada mkubwa, ndiye aliyembeba mgongoni akamvusha Rusizi, akamweka chini upande wa Kongo katikati ya watu wasiowajua, akamwambia akae pale asisogee. Halafu akarudi majini kwenda kumchukua mama yao. Koko akakaa pale. Hakuja mama wala Yaya. Alichukuliwa na familia moja ya watu wa Mibirizi waliokuwa wamekimbia pia, wakamlea. Hayo alinisimulia mara moja tu, nilipokuwa kijana ninayemsumbua kwa nini hapendi tukaogelee ziwani kama watoto wengine. Alimaliza, akanituma sokoni, na hatukuyazungumza tena.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Kila asubuhi unamvusha, anakaa kwenye jua na maharage yake, kila jioni unamrudisha. Ndiyo maisha yote aliyobaki nayo, na yote yanapita mkononi mwako.

Siku ulipopata habari ya kazi ulinijia pale uani ukaniambia: "Papa, niache kwanza. Nitaomba tena mwaka kesho, pengine watanipa ya karibu." Nami nikakujibu "utaenda," kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema. Nadhani ulifikiri nina mpango. Sina mpango, Solange. Sikuwa nao siku ile na leo sinao.

Nilichokuwa nacho ni hiki. Kabla hujazaliwa niliitwa Kigali kutandika sakafu katika jengo kubwa, kazi ambayo ingenifungulia nyingine. Sikwenda kwa sababu Koko alikuwa peke yake. Yeye hakunizuia, wala hakuniomba. Nilijizuia mwenyewe, na watu wakanisifu kwamba ni mtoto mwema. Lakini tangu hapo, akiniomba jambo dogo, nimsogezee kiti, nimletee dawa, kuna siku nilisikia sauti yangu ikitoka na kitu ndani yake, kama mtu anayedai. Yeye hakujua anadaiwa nini. Pengine alijua. Nisingependa siku moja uwe unamvusha Koko, umemshika mkono vizuri, unamwambia mayi iko kidogo, na rohoni unahesabu miaka. Ndiyo sababu nilisema utaenda. Kama nimekosea, basi nimekosea huku nikikupenda, na hilo halitamsaidia Koko kufika kwenye jua.

Mama yako amejaribu kujifunza njia yako, unajua. Alivua viatu, akainua kitenge, akasema maneno yako yote kama alivyokusikia. Koko akamsikiliza vizuri kisha akamwuliza kama soko limefungwa mapema. Mama yako alipotoka pale akaniambia: "Fundi ya tapi, sasa zamu yako." Sikuthubutu.

Nimesikia kitanda kinalia. Ameamka. Ngoja kwanza.

Nimerudi.

Nilimkuta amesimama mlangoni, ameshika fremu. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kule nyuma, lile analolipenda. Nikasema moyoni, jaribu, mtoto anaondoka kesho, jaribu. Nikavua viatu. Nikakunja suruali mpaka magotini, haya magoti yangu mabovu. Nikaingia saloni nikipapasa kwa mguu kama unavyofanya, na mwanangu, sijui nikuambie vipi, nilihisi baridi. Nikafika katikati nikasimama.

"Mama," nikamwambia, "mayi iko kidogo leo."

Akaangalia miguu yangu. "Nani alikuambia?"

"Solange."

"Solange gani?"

"Yaya," nikasema.

Uso wake ukabadilika. "Yaya iko wapi?"

Ningeweza kusema uko Mibirizi, unarudi jioni. Sijui kwa nini sikusema hivyo. Nilikuwa nimekufikiria mchana kutwa na sanduku lako. Nikasema: "Anavuka, Mama. Anaenda mbali."

"Atafika muzima?"

"Atafika muzima."

Akafikiri, ameegemea fremu. Nikamnyooshea mkono. Aliuangalia lakini hakuushika. "Weye haujue fasi ya kukanyaga," akaniambia, kwa upole kabisa, kama anavyomwambia mtoto kwamba kisu si cha kuchezea. Nikabaki nimesimama pale na mkono wangu hewani. Ndipo akasema, na ninakuandikia kama alivyosema, sijaongeza wala kupunguza:

"Ukiona muntu anaenda kule, amuambie Yaya asirudi kunitafuta. Mayi imejaa. Abakie kule kule. Miye niko muzuri apa, bantu batanichukua."

Nikamwambia nitampa mtu ujumbe huo. Akaniuliza kama ninaapa, nikaapa. Akashusha pumzi, akarudi akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la ukuta.

Miaka yote nilidhani yule mtoto aliyeachwa ukingoni alikaa pale akimwita dada yake arudi. Sikujua hilo neno lingine alikuwa nalo, na alikosa mtu wa kumtuma.

Basi mtu anayekwenda kule ni wewe, na ujumbe ni wako. Mimi sikuwa na ruhusa nzuri ya kukupa, nilikuwa na ile ya kulazimisha tu. Hii ni yake. Usirudi kumtafuta. Likizo uje, bila shaka, uje ule samaki, umvushe akikubali. Lakini usirudi kwa sababu ya mlango ule. Kama atatoka tena kwenye jua ama hatatoka, mimi sijui. Nitajaribu kesho kutwa, na siku inayofuata, na huenda siku zote akaniambia sijui mahali pa kukanyaga. Ni kweli sijui. Kutandika ninajua, kusafisha ninajua, kuziba ninajua. Kuvusha sijui.

Kesho asubuhi uanzie chumbani kwake. Muage kama Yaya, kama atakuita hivyo. Kisha vua viatu, viweke juu ya sanduku, uinue sketi, upite saloni polepole mpaka mlango wa mbele, ili akuone kwa macho yake umefika mzima upande wa pili. Usisimame pale kwenye kochi. Ukifika, kamua upindo, vaa viatu, uende.

Nilikuambia nitakuwa stendi. Nimebadilisha, mama yako atakusindikiza, na breki za dereva atazikagua yeye, ni mkali kuliko mimi. Mimi nitakuwa nimekaa na Koko upande wake, mlangoni, suruali nimeikunja. Tutakuangalia ukivuka.

Papa yako